Kisahani cha Mita Mia Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mashimo matano, yametawanyika kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe. Nimeibandika karatasi ukutani juu ya meza na nimeitazama asubuhi nzima. Mita mia tatu. Upepo wa kupeperusha shela tu. Risasi zilezile, turubai lilelile, bunduki ileile ninayoijua kuliko viatu vyangu. Mwaka jana mashimo yangu ungeyafunika kwa mdomo wa kikombe. Juzi kisahani kizima kimeshindwa.

Klabu yetu haipimi kwa rula. Nahodha (jina tu hilo, hajawahi kuongoza chombo, alikuwa mpeleka barua) ana kisahani kimoja cha chai, cheupe, chenye ufa mwembamba kama unywele. Ukimaliza risasi zako tano anakiweka juu ya karatasi. Kikiyafunika mashimo yote, umepita. Likichungulia hata nusu shimo, anakifuta kwa leso na kukirudisha mfukoni bila neno. Juzi alikifuta polepole sana. Kuheshimu mvi zangu, nadhani. Afadhali angecheka.

Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi unafunguliwa mstari mpya wa mita mia sita, kule machimbo ya zamani ya mawe. Hapigi huko asiyepita kisahani cha mia tatu asubuhi ya siku hiyohiyo.

Ilianza mwezi wa kwanza. Shimo moja la kutoroka, chini kushoto. Nikasema bahati mbaya. Kisha mawili. Sasa ni tabia.

Lazima ni darubini ya bunduki. Hii niliyo nayo inakuza mara nne tu, na kioo chake kimeingia ukungu pembeni. Kwa mita mia sita lile duara jeusi litakuwa nukta. Najua nukta — kazi yangu yote kiwandani, kiwanda cha kuchapisha vitabu, ilikuwa kusahihisha prufu, kuokota nukta zilizodondoka. Ila hizo zilikuwa shubiri moja kutoka puani.

Wifi alipanda kuleta mkate, akaiona karatasi, akasema ukuta wangu umeota ndui. Kisha akanyamaza. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, amewahi kusema hata akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Kunyamaza kwake kumenikosesha raha kuliko mashimo.

Alhamisi, 6 Machi

Mwanangu kapiga simu. Wimbo uleule tangu mwaka mpya: chumba kipo, kina dirisha, mkewe ameshanunua pazia. Mji wao una hospitali nzuri. Akauliza bado napanda zile ngazi. Nikamjibu kwamba siku hizi zinanipanda mimi. Hakucheka.

Anataka nihame. Neno dogo, herufi chache. Nimehama mara nne katika umri huu na hakuna hata safari moja niliyoulizwa rangi ya pazia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema. Hapa ndipo pa kwanza ambapo kamba ilioza, ikakatika yenyewe, nami nikasahau kuondoka.

Jengo lao haliruhusu silaha, hata ya shabaha, hata iliyofungiwa kwenye kabati la chuma. Uwanja wa kulengea hakuna. Kwa hiyo ni pazia au bunduki.

Sijui nini kilinipanda kichwani. Nikamwambia: mwisho wa mwezi kuna kisahani. Nikipita, usinitajie tena habari za chumba. Nikishindwa, nairudisha bunduki kituo cha polisi, nafunga sanduku, nakuja. Kisha akasema sawa, ila atakuja kushuhudia kwa macho yake.

Yaani nimeyaweka makazi yangu juu ya kisahani cha chai. Mwanamke mzima.

Nimepanga vitabu upya. Nimevipangua. Nimetia maji birika, nikasahau kuwasha jiko. Nimefungua dirisha. Nimefunga.

Jumamosi, 8 Machi

Kwa fundi wa bunduki, nyuma ya duka la baiskeli. Mtu mnene mwenye vidole vyembamba vya mshona lulu. Alitandaza kitambaa cha kijani, akalaza darubini tatu.

Ya kwanza ndefu, nzito kama mchi, inakuza hadi mara ishirini na nne. Nikaielekeza kwenye saa ya jengo la posta ng'ambo ya barabara. Nikaona mkono wa saa unatetemeka, nikamwambia fundi saa yao mbovu. Akasema saa ni nzima. Anayetetemeka ni mimi. Darubini kali, akaeleza, inakuza kila kitu: shabaha, pumzi, hata mapigo ya moyo. Na jua likiwaka, mazigazi yanachemka ndani ya kioo kama uji, usione kitu. Watu wananunua nguvu, wanaishia kuipunguza hadi mara kumi na mbili.

Ya pili nzuri kwa macho, imejaa mistari ndani kama ramani ya reli. Akaniambia nitikise kichwa kidogo. Nikatikisa. Msalaba wa kulengea ukatembea juu ya saa, kutoka saa tatu hadi saa nne, na bunduki haijasogea hata kidogo. Hiyo, alisema fundi, utailenga pale na risasi itakwenda pengine. Akaifunika.

Ya tatu fupi. Mara kumi na sita. Ina kirungu ubavuni: unakizungusha kwa kadiri ya umbali mpaka msalaba unatulia, hata ukitikisa kichwa haubanduki. Virungu vya juu na vya pembeni vinalia kwa kila hatua, kama mtu anayevunja vidole. Kioo chake — sijui nisemeje. Niliona ufa wa rangi kwenye namba sita. Niliona kinyesi cha njiwa.

Wifi, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akasema, "Mchagua jembe si mkulima." Fundi akacheka mpaka tumbo likatikisika. Nikamwambia wifi kwamba yeye hajawahi kulima wala kulenga, kazi yake kusoma upepo na umbeya. Akasema vyote viwili vinataka macho makali.

Lakini habari ya leo si hiyo. Fundi alipoitoa darubini ya zamani alikuta skrubu moja ya kishikio imelegea. Aliizungusha kwa kucha! Kwa kucha tu! Miezi yote hii nimejilaumu, kumbe skrubu.

Ameifunga ile ya tatu, akaweka pima maji juu yake isilalie upande, akanilaza sakafuni kupima jicho likae mbali kiasi gani. Wifi akamwambia aongeze shubiri, maana nyusi yangu tayari ina mwezi mwandamo. Kweli ina kovu. Darubini ilinigonga mwaka ule nilipoazimwa bunduki nzito. Fundi amesema niende nayo, nikiridhika ndipo tuzungumze.

Mwanangu alipiga nikiwa njiani. Kila Jumamosi alasiri hupiga, neno lilelile: "Umerudi?" Leo nilijibu kwa furaha mpaka akashangaa.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala usingizi mtamu. Skrubu.

Jumamosi, 15 Machi

Chini kushoto. Chini kushoto. Moja katikati, zuri, la kunidhihaki. Chini kushoto. Na la tano halikugusa hata karatasi.

Nilikuwa naiona shabaha kama ukurasa mikononi. Niliona mdudu anatembea ukingoni mwa duara. Na bado.

Bwana Benki, ambaye kila kifaa chake ni kipya na hunukia ngozi, alikuja kunipa pole. Akasema labda risasi. Yeye hutumia nzito zaidi, haziogopi upepo. Mwingine akasema mtutu umechakaa. Mwingine kitako kifupi. Ukiwa na tatizo uwanjani, kila mtu ni daktari. Nahodha alikifuta kisahani.

Wifi alikuwa nyuma yangu na darubini yake ya miguu mitatu, kama kawaida. Nikamuuliza upepo ulikuwaje. "Upepo ulikuwa umelala," alisema.

Mwanangu: umerudi? Nimerudi. Vipi? Salama. Hakuuliza kisahani. Uungwana wake unaniudhi.

Jumapili, 16 Machi

Nimesafisha mtutu. Safi. Nimesafisha tena. Wifi kaniita nishuke kula, nimemwambia nina kazi. Nimetoa nguo zote kabatini nione zipi zingeingia sandukuni — kwa kupima tu. Nimezirudisha. Hazikukaa kama zilivyokuwa.

Jumanne, 18 Machi

Fundi amekubali kuja uwanjani siku ya kazi. Ameleta jiriwa yake kubwa, akaifunga kwenye meza ya zege, akaibana bunduki humo, amezungushia mpira isikwaruzwe. Hakuna bega, hakuna shavu, hakuna mimi. Anavuta kwa uzi.

Kwanza risasi tano kwa mia tatu. Tumekwenda kuangalia: kiganja cha mtoto kingeyafunika yote.

Kisha jaribio la mraba. Unapiga moja. Unazungusha kirungu hatua kadhaa juu, unapiga. Hatua hizohizo kulia, unapiga. Chini, unapiga. Kushoto, unapiga. Darubini ikiwa ya kweli, risasi ya mwisho inarudi palepale ilipoanzia ya kwanza. Tukaifuata karatasi kwa miguu, mimi mbele kama mwali. Mraba umenyooka, ungedhani umechorwa kwa rula. Na kwenye pembe ya mwanzo mashimo mawili yamepandana, yamefanya umbo la namba nane.

Imezunguka kote na imerudi nyumbani. Nimeigusa ile nane kwa kidole, bado ina masizi. Sikupenda fundi anione, nikajifanya napangusa vumbi.

Fundi alikuwa anakusanya vyombo. Akasema kwa upole, bila kunitazama, kwamba bunduki ni nzima, darubini ni nzima, risasi ni nzima.

Hakumaliza sentensi. Ni mwungwana.

Jumatano, 19 Machi

Basi ni jicho. Nimekwenda kwa daktari wa macho, msichana mdogo, kucha fupi safi. Nilisoma ubao wote, nikaendelea hadi chini kabisa, kwenye maandishi ya jina la waliouchapa, nikamwambia wameruka herufi. Akainama kuangalia. Ni kweli. Akasema hajawahi kumwona mtu wa umri wangu mwenye jicho la kulia kama hili, akaniuliza siri ni nini. Nikasema mishahara midogo na vitabu vingi.

Ningefurahi siku nyingine. Leo nimetoka nikiwa sina pa kuegemea. Nilitaka jicho liwe bovu. Jicho bovu lina dawa, lina jina.

Mkwe wangu ametuma picha ya pazia. Buluu, yenye maua madogo. Zuri kwelikweli.

Jumamosi, 22 Machi

Niandike yote, kwa utaratibu.

Tulifika mapema, wifi na mimi, uwanja mtupu. Upepo mwembamba kutoka kulia, bendera ya kwanza inapepea, ya pili imelala. Nikatandika turubai. Wifi hakwenda kwenye darubini yake. Akaketi ubavuni kwangu, akachukua kisanduku cha risasi, akasema leo yeye atanitilia, mimi nilale nilenge tu. Nikasema magoti yako, wifi. Akasema magoti ni yake.

Akafungua komeo la bunduki, akatia, akafunga. Nikalenga, nikavuta. Mlio. Akatia tena. Mlio. Akatia tena. Nikaushika msalaba katikati ya duara, nikatoa pumzi nusu, nikabana kidole —

Tak.

Hakukuwa na risasi ndani. Tak tu, kama mtu aliyegonga meza kwa kalamu. Na katika ukimya ule niliuona mtutu wangu unazama. Bega limeruka mbele, mkono umekaza, macho yote mawili yamefumba. Nimeinamia kitu ambacho hakikutokea. Msalaba ulikuwa nyasini, chini kushoto.

Ndege fulani akalia kule machimboni.

Mtego huu naujua. Ni mimi ninayewafanyia wageni wa klabu! Mgeni akija analalamika darubini, analalamika upepo, namtilia risasi mbili za kweli, ya tatu namwachia tundu tupu, bunduki inazama, watu wanacheka, naye ameelewa. Miaka mingapi nimewafanyia. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu atanifanyia mimi.

Nikamuuliza tangu lini anajua. Akasema tangu mwezi wa kwanza. Yeye huitazama shabaha kwa darubini, lakini kabla ya kila mlio hunitazama mimi kwanza. Nikakasirika. Nikasema, na ukaniacha nizunguke mji mzima, kwa fundi, kwa daktari, nimelaumu hadi skrubu?

"Wifi," alisema, "si wewe uliyeniambia kiwandani kwenu ilikuwa marufuku mtu kusoma prufu yake mwenyewe? Ulisema jicho linasoma linachokitaka, haliioni kasoro. Ningekwambia ungebisha. Sasa umesoma."

Tulirudia mpaka watu wakaanza kufika. Tak, nazama. Mlio, nazama. Tak, nazama. Sijui lini ni tupu, mwili unajiandaa kwa kila moja.

Wiki moja imebaki.

Simu: umerudi? Nimesema bado nipo njiani, ingawa nilikuwa nimeketi kitandani na viatu mguuni.

Jumapili, 23 Machi

Wifi aliniuliza jana, kwa mara ya kwanza katika udugu wetu wote, kwa nini niliingia klabu ya bunduki mimi, kati ya watu wote. Nilimjibu kwa mzaha. Hapa nijijibu sawasawa.

Tulipoondoka kwetu, tulikwenda kwa miguu, mchana, kwenye mashamba yaliyovunwa. Mume mbele na bahasha ya vyeti kifuani, mimi nyuma na mtoto mgongoni. Milio ilikuwa inatoka popote. Nyuma, kisha pembeni, kisha hakuna kabisa kwa muda mrefu. Kilichonichosha si mlio. Ni kungoja mlio. Baadaye, katika kila mji tuliopita, mlango ukibamizwa nilikuwa nimeshainama.

Tulipofika hapa, wafanyakazi wa kiwanda walikuwa na klabu, na kila Jumamosi milio ilisikika hadi chumbani kwetu. Mume akasema tutafute nyumba mbali zaidi. Nikasema sihami tena kwa sababu ya mlio. Nikaenda kuutazama. Mkufunzi mmoja, mzee, mkali, akanilaza chini akaniambia vuta taratibu. Nikavuta. Na mlio ukaja nilipouita mimi. Kabla ya hapo sikuwahi kujua lini utakuja. Siku hiyo mimi ndiye niliyejua.

Hiyo ndiyo sababu. Si medali.

Nimekaa na hilo siku nzima, kisha likanijia nikikunja nguo: tangu mwaka mpya nangoja tena. Simu ikilia naruka. Nangoja lile neno dogo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka — haya, lakini kushtukia chumba chenye dirisha? Chenye pazia la maua?

Mwili hausomi, ndiyo tabu yake. Unashika kichwa cha habari tu.

Jumanne, 25 Machi

Mazoezi ya ndani, bila risasi. Nalala sakafuni, wifi anaweka sarafu juu ya mtutu, navuta. Sarafu isianguke. Asubuhi ilianguka kila mara. Jioni imekaa mara nyingi kuliko ilivyoanguka. Lakini hapa najua kwamba ni tupu. Kujua ndiyo tofauti yote.

Jirani wa chini kauliza tunaangusha nini. Wifi kamjibu: serikali.

Ijumaa, 28 Machi

Mwanangu amefika. Amenenepa, ana mvi ndevuni — mvi, mtoto wangu! Amepanda ngazi akihema kuliko mimi, nikafurahi kwa ubaya. Amekagua bomba, amekagua dirisha, amegusa vitabu. Akaiona ile karatasi ya ndui ukutani. Akaitazama kwa muda, akauliza kama ndivyo inavyotakiwa. Wifi akadakia kwamba hiyo ni ramani ya nyota.

Wakati wa chai nilimuuliza kwa utulivu kwa nini ananitaka huko. Akasema hospitali. Nikasema hapa ipo. Akasema ngazi. Nikamtazama tumbo. Akacheka, mwishowe. Kisha akasema hajui kunieleza, ila kila Jumamosi mpaka anisikie nimerudi hawezi kufanya jambo. Mkewe amezoea, siku hiyo hampi hata kisu cha kukatia mkate. Aliposema hivyo akaona haya. Nikamwambia uwanja wetu ni salama kuliko barabara. Akasema anajua. "Najua, Mama. Haisaidii."

Leo sikugusa bunduki. Sarafu iko mfukoni.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika gotini, uwanjani, kwenye benchi ya nyuma. Ukungu umelala machimboni na Nahodha amesimamisha mstari wa mia tatu mpaka shabaha zionekane. Watu wanapiga soga. Bwana Benki ana koti jipya. Kisahani kiko juu ya meza, kimegeuzwa kifudifudi.

Mimi ni wa tatu.

Mwanangu yuko mbele yangu kidogo, wifi amemvisha kinga ya masikio, kubwa, inamfanya aonekane kama rubani. Kule pembeni, njia fupi ya mita hamsini, wageni wawili wanajaribu bunduki zao. Mlio mmoja mmoja.

Nilikuwa natazama ukungu. Sasa namtazama yeye.

Anashtuka. Kila mlio. Mabega yanapanda hadi masikioni, kichwa kinazama, macho yanafumba. Na si baada ya mlio — kabla. Anakitazama kidole cha mgeni kule mbali na anajiandaa. Mlio ukichelewa anabaki amejikunja, anangoja. Mtu mzima, ana watoto wawili, ana mvi. Ameficha mikono mapajani asionekane.

Hawezi kukumbuka. Siku zile alikuwa hajaanza hata kusema. Nilijipongeza maisha yangu yote kwamba yeye hakuona kitu, uso wake ulikuwa kwenye kanga. Hakuona, ni kweli. Alikuwa mgongoni kwangu. Nilipoinama aliinama, niliporuka aliruka. Mgongo wangu ndio uliomfundisha.

Na hakuna aliyemlaza chini akamwambia vuta taratibu.

Umerudi, umerudi, umerudi. Jumamosi zote hizo.

Ukungu unainuka. Wa kwanza amemaliza, kisahani kimemfunika, watu wamepiga makofi. Bwana Benki ndiye wa pili. Nimemwita mwanangu.

Sheria inaruhusu msaidizi mmoja ubavuni, na risasi kadhaa za kupasha mtutu kabla ya zile tano za hesabu. Nimemwambia wifi ampishe. Wifi ametutazama sote wawili, ameinuka bila neno, mara ya pili mwaka huu. Nahodha ametikisa kichwa kwamba sawa.

Shimo la mwisho la Bwana Benki limechungulia nje ya kisahani. Hakuna anayecheka. Turubai langu limetandikwa. Nimemwonyesha mwanangu komeo, hivi linafunguka, hivi linafungwa. Nimempa risasi, zimelala kiganjani mwake kama mbegu. Nimemwambia: za kupasha hizi, nyingine utie, nyingine usitie, unavyopenda wewe. Usiniambie.

Ameuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika. Kisha, "Na nitajuaje lini italia?"

"Wewe ndiye utakayejua," nimesema. "Asiyejua ni mimi."

Amefikiri. Ameshusha kinga ya sikio moja, nimemrudishia.

Nahodha anakifuta kisahani. Bendera zote mbili zimelala. Mwanangu ameinama juu ya komeo, amenipa mgongo nisione anachofanya. Sijauona mgongo wake kwa karibu hivi tangu utotoni mwake. Mabega yake yako chini. Nimesikia komeo likifunga.

Nahodha amesema tayari. Naweka kalamu chini, nalala nilenge.